Kura Moja ya Chake Chake: Uchaguzi wa 1961 na Ukimya wa Riwaya za Visiwani

Utangulizi

Tarehe 17 Januari 1961 wananchi wa Unguja na Pemba walipiga kura kuwachagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Matokeo yalipotangazwa, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilikuwa na viti 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP), ambacho watu walizoea kukiita Hizbu, kilikuwa na viti 9, na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) viti 3. Katika vile viti 10 vya ASP, kimoja, cha Chake Chake kisiwani Pemba, kilipatikana kwa ziada ya kura moja tu. Wale wajumbe watatu wa ZPPP nao waligawanyika: wawili wakaungana na Hizbu, mmoja akaungana na ASP. Basi Baraza likagawika sawasawa, 11 kwa 11, na serikali ya kudumu isiweze kuundwa.

Wanahistoria wameyaeleza mambo haya mara nyingi. Sisi wanafunzi wa fasihi bado hatujajiuliza swali letu wenyewe: je, waandishi wa Kiswahili wameifanyia nini kura hiyo moja? Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza jinsi maandishi ya Kiswahili, hasa riwaya zilizotungwa na wenyeji wa visiwa hivyo, yalivyoupokea uchaguzi wa 1961 na mtu ambaye uchaguzi huo ulimpandisha, yaani Muhammad Shamte Hamadi. Nitajaribu kuonyesha kwamba riwaya zimeupita uchaguzi huo kando, na kwamba kumbukumbu za wanasiasa zimeugeuza kuwa mashtaka. Nitapendekeza kwamba umbo linaloweza kuubeba tunalo katika ushairi wetu wa jadi.

Mwalimu Shamte

Inafaa kwanza tumkumbuke mtu mwenyewe, maana wengi katika wanafunzi wetu hawamjui hata kwa jina. Shamte alikuwa Mpemba, na kwa kazi yake alikuwa mwalimu wa shule. Katika uchaguzi wa kwanza, wa Julai 1957, Hizbu haikupata hata kiti kimoja, na kiongozi wake, Ali Muhsin, alishindwa na Abeid Amani Karume katika jimbo la Ng'ambo. Ushindi huo uliwakusanya pamoja Waafrika wenye asili ya bara na Washirazi wa visiwani, lakini umoja wao haukudumu. Mwaka 1959 Shamte na wenzake walijitenga na ASP wakaunda ZPPP, chama ambacho nguvu yake ilikuwa Pemba.

Baada ya mkwamo wa Januari 1961 kiti cha 23 kiliongezwa, na uchaguzi ukarudiwa tarehe 1 Juni. Safari hii Hizbu na ZPPP walikubaliana wasisimamishe wagombea wa kushindana wao kwa wao. ASP ilipata karibu nusu ya kura zote, lakini viti vyake vilibaki 10. Hizbu ilipata 10 na ZPPP 3. Siku hiyohiyo, huku watu wakituhumiana kupiga kura mara mbili, mapigano yalianza mjini kisha yakaenea mashamba. Watu 68 waliuawa, wengi wao mno wakiwa Waarabu, na Serikali ya Kiingereza ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Sir Stafford Foster-Sutton. Katika hali hiyo ndipo Shamte, kiongozi wa chama kidogo kuliko vyote vitatu, alipokuwa Waziri Kiongozi.

Mwezi Juni 1963 nchi ilipata madaraka ya ndani, na Shamte akawa Waziri Mkuu. Mwezi uliofuata ulifanyika uchaguzi mwingine. ASP ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote, lakini katika viti 31 ilipata 13 tu. Hizbu ilipata 12 na ZPPP 6. Sababu yake si ngumu kuieleza. Chini ya utaratibu wa Kiingereza kila jimbo lilichagua mjumbe mmoja, na anayetangulia hata kwa kura moja huchukua kiti kizima. Kura za ASP zilirundikana katika majimbo yake yenye nguvu, ambako ilishinda kwa maelfu yasiyoongeza kitu. Wapinzani wao walishinda majimbo mengi zaidi kwa tofauti ndogo. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Disemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 serikali ilipinduliwa. Shamte aliiongoza nchi huru kwa siku 33, kisha akatiwa kizuizini. Tangu alipokuwa Waziri Kiongozi hadi siku hiyo haikutimia hata miaka mitatu.

Kura na Uchaguzi

Kabla ya kuziangalia riwaya, yafaa tuyapime maneno mawili ambayo tumezoea kuyatumia kana kwamba ni kitu kimoja. Neno uchaguzi latokana na kitenzi kuchagua, na ndani yake mna hiari, akili na upambanuzi. Anayechagua anajua sababu. Neno kura ni la asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali katika Kiswahili ni bahati nasibu inayotumiwa kukata shauri pale ambapo akili ya binadamu imeshindwa kupambanua. Waislamu na Wakristo wote wanakijua kisa cha Nabii Yunus, ambaye Wakristo humwita Yona: chombo kilipokaribia kuzama, waliokuwamo walipiga kura, nayo ikamwangukia yeye akatoswa baharini. Watu wale hawakumchagua Yunus.

Siasa za kisasa zilipoingia pwani, Kiswahili kiliyaoanisha maneno haya mawili, na twasema bila kusita kwamba watu wamepiga kura kuchagua kiongozi. Ushindi ukiwa mkubwa, maana ya pili huifunika ya kwanza, na hakuna anayekumbuka bahati nasibu. Lakini ushindi ukiwa wa kura moja, kama ule wa Chake Chake, maana ya kale hufufuka. Mpigakura mmoja aliyeamka na homa, au aliyechelewa kutoka shambani, angeweza kuibadili safu nzima ya Baraza. Mshindi husema kuwa watu wamechagua. Aliyeshindwa huona kuwa ameangukiwa na kura kama alivyoangukiwa Yunus, na kwa kuwa binadamu hapendi kukiri kwamba mambo makubwa yameamuliwa na jambo dogo, huanza kumtafuta mtu aliyeicheza kura hiyo. Kutokana na hali hiyo lugha ya wizi huzaliwa hata pale ambapo ushahidi wake haujapatikana. Hii ndiyo shida ambayo uchaguzi wa namna hii humletea msimulizi. Hesabu hukoma kwenye tarakimu, lakini hadithi hudai sababu.

Riwaya na Ukimya Wake

Riwaya zilizoandikwa na Wazanzibari ni miongoni mwa kazi bora kabisa za fasihi ya Kiswahili, na zimesomwa kwa miaka mingi katika shule na vyuo vyetu vya Kenya. Kwa hiyo vijana wengi wa bara wanaijua Zanzibar ya kabla ya 1964 kwa kupitia riwaya hizo kuliko kwa kupitia kitabu chochote cha historia. Sharti basi tuulize zimechukua nini na zimeacha nini.

Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) Adam Shafi anatuchorea uhusiano wa bwana mwenye mashamba na watumishi wake, na mhimili wa msuko wake ni unyonge wa watumishi hao hadi Mapinduzi yanapowafikia. Katika Kuli (1979) mwandishi huyohuyo anarudi nyuma hadi kwenye mgomo wa makuli wa bandarini wa 1948. Vuta n'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, inaingia ndani ya harakati za siri za kupinga ukoloni, pamoja na mapenzi ya Yasmini na Denge yanayovuka mipaka ya makabila na dini. Naye Said Ahmed Mohamed katika Dunia Mti Mkavu (1980) ameshughulikia dhuluma ya kikoloni na mapambano ya wafanyakazi. Katika riwaya zote nne hakuna hata moja iliyoufanya uchaguzi wa 1961 kuwa kitovu cha hadithi. Zama ambazo Wazanzibari wenyewe huziita wakati wa siasa, yaani tangu 1957 hadi 1963, ambapo mitaa, ndoa na hata maziko yaligawika kwa vyama, hazikupewa nafasi ya kutosha. Riwaya inatoka kwenye dhuluma ikaenda kwenye ukombozi, na sanduku la kura halionekani njiani.

Hapana shaka mtetezi wa riwaya hizi atatujibu kwamba msanii si karani wa uchaguzi. Atasema pia kwamba uhakiki wa kitabaka unatuonyesha kile ambacho tarakimu zinakificha. Hoja hii ina uzito, nami naikubali kwa sehemu kubwa. Baada ya uchaguzi wa 1957 maskwota wengi walifukuzwa katika mashamba ya wenyewe, na wafuasi wa ASP nao wakayagomea maduka ya wapinzani wao. Mtu aliyeng'olewa mihogo yake kwa sababu ya chama chake hakuhitaji kuhesabiwa kura ili ajue anasimama wapi. Adam Shafi amemwelewa mtu huyo kuliko tume yoyote ya uchunguzi, na hiyo ni sifa ya kudumu.

Lakini hoja hiyo inatuvusha hadi Unguja tu. Ukiichukua shamba kubwa la Unguja, lenye bwana Mwarabu na vibarua Waafrika, ukaifanya picha ya nchi nzima, Pemba inapotea. Kule Pemba mikarafuu ilimilikiwa na watu wengi zaidi, wakiwamo wenyeji wenye miti michache, na Waarabu na Washirazi walikuwa wameoana na kuishi pamoja kwa vizazi. Mkulima wa Pemba aliyempa kura Shamte hakuwa bwanyenye, wala hakuwa mtumwa wa bwanyenye. Alikuwa na hofu zake na hesabu zake. Je, aliogopa watu wa bara? Je, alimwamini mwalimu kwa kuwa ni mwenzao? Je, alitaka karafuu yake ipate bei? Riwaya haikumwuliza, maana katika msuko wa mnyonge na mnyonyaji mtu huyu hana mlango wa kuingilia. Akiingia, ataharibu hesabu ya hadithi kama alivyoiharibu hesabu ya Baraza.

Naona kwamba hii ndiyo sababu hasa ya Shamte kukosa nafasi katika sanaa. Sultani ana nafasi, na mwenye kasri ana nafasi, kwani fasihi inajua kuwachora. Mwalimu wa shule aliyefika kwenye uongozi kwa sababu vyama viwili vikubwa vilikuwa vimelingana nguvu si dhalimu wa kutosha wala si shujaa wa kutosha. Maisha yake ya kisiasa yalitegemea tofauti ndogo za kura, na riwaya zetu za miaka ile zilijengwa juu ya tofauti kubwa za kitabaka. Msanii alipochagua tofauti kubwa alipata nguvu ya usimulizi, ila alilipa kwa kumpoteza mpigakura.

Kusuta na Kusimulia

Riwaya iliponyamaza, waliozungumza ni wanasiasa na waandishi wa kumbukumbu. Mwaka 1995 Aman Thani Fairooz, aliyekuwa mfuasi wa Hizbu, alitoa kitabu chake Ukweli ni Huu, chenye jina la pili Kuusuta Uwongo. Mwaka 1999 yalitoka Masimulizi ya Sheikh Thabit Kombo Jecha, yaliyokusanywa na Minael-Hosanna Mdundo, ambayo yanatupa sauti ya aliyekuwa Katibu Mkuu wa ASP. Mwaka 2010 Harith Ghassany alichapisha Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, akitegemea sana ushuhuda wa midomo. Kwa mtaalamu wa lugha majina ya vitabu hivi yana maana kubwa, hasa vile viwili vya kwanza, kwa kuwa yanatutajia aina za usemi.

Kusuta ni tendo linalojulikana vyema katika jamii ya Waswahili. Mtu aliyesingiziwa humwendea msingiziaji akiwa na mashahidi, akamkabili hadharani hadi aumbuke. Ili kusuta kukamilike lazima pawepo mwongo, tena awe anajulikana. Ni umbo lenye haki yake, hasa kwa watu ambao historia rasmi iliwanyima nafasi ya kusema kwa miaka mingi. Lakini umbo hilo likikabidhiwa uchaguzi wa kura moja linalazimika kumtafuta mwongo hata kama kilichotokea kilikuwa mgawanyiko wa kweli wa nyoyo za watu.

Masimulizi nayo yana sharti lake. Msimulizi ni mzee aliyekuwapo, anayemhadithia kijana asiyekuwapo, na uzito wa maneno yake unatoka kwenye umri wake na nafasi aliyoishika. Umbo hili lina uhai na joto ambalo kitabu cha historia hakina. Hata hivyo mzee husimulia kutoka barazani kwake. Humweleza adui kama alivyoonekana kutoka hapo, na msikilizaji kwa adabu zetu hamkatizi mzee. Kwa hiyo umbo la kwanza linamhitaji mwongo na la pili linamhitaji shujaa, na mpigakura wa Chake Chake hana pa kukaa katika lolote.

Malumbano kama Njia

Je, Kiswahili hakina umbo linaloweza kuwabeba watu wawili waliolingana nguvu bila kuharakisha kumtangaza mshindi? La hasha. Ushairi wetu una desturi ya kale ya malumbano na kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa bingwa wa desturi hiyo katika karne ya 19, wakati ambapo Mombasa na Unguja zilikuwa katika vita vya silaha na vya maneno. Katika malumbano kila upande hupewa ubeti wake kamili, wenye vina na mizani ileile ya mpinzani. Msomaji huyasikia yote mawili yakiwa yamevaa nguo sawa, na sheria za bahari humlazimisha hata mwenye hasira kumsikiliza mwenzake kwa makini, kwani hawezi kujibu alichokisikia nusu.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni shairi la Abdilatif Abdalla liitwalo Mnazi: Vuta N'kuvute, lililomo katika Sauti ya Dhiki (1973), diwani aliyoitunga akiwa kifungoni. Humo ndugu wawili, Alii na Badi, wanaugombea mnazi. Shairi hilo ni la Kenya wala halihusu Unguja, na twajua kuwa mshairi hakuwa mtu asiyekuwa na msimamo: alifungwa kwa kijitabu chake Kenya: Twendapi? cha 1968. Lakini umbo alilolichagua linamnyima mshairi nafasi ya kusema peke yake. Yule asiyempendelea anampa maneno mazuri, maana shairi lenye mpinzani dhaifu huwa baya. Ni sadfa yenye mafunzo kwamba Adam Shafi aliitumia methali hiyohiyo kuwa jina la riwaya yake. Vuta n'kuvute ni picha halisi ya 11 kwa 11, na riwaya hiyo ndiyo iliyokaribia mno zama za siasa kuliko wenzake.

Sisemi kwamba malumbano ni dawa ya kila kitu. Magazeti ya wakati wa siasa, kama Mwongozi upande mmoja na Afrika Kwetu upande wa pili, nayo yalijibizana kila juma, na majibizano yale yalichangia kuwatia watu chuki. Kilichokosekana ni sheria ya umbo. Gazeti lilikuwa na upande mmoja tu, na mpinzani hakuwa na ubeti wake ndani ya ukurasa uleule. Ninachopendekeza ni riwaya au tamthilia itakayouchukua mji wa Chake Chake wa Januari 1961, iwaweke majirani wawili waliopiga kura tofauti, na impe kila mmoja haki yake ya kusema mpaka mwisho, akiwamo mfuasi wa mwalimu Shamte.

Hitimisho

Jambo hili si la kale. Mwaka 1995 Zanzibar ilifanya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad, na matokeo hayo yakabishaniwa kwa miaka. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa na kurudiwa Machi 2016. Katika mabishano hayo jina la Hizbu lilitolewa tena kabatini kuwa tusi, ingawa chama chenyewe kilikufa 1964 na wengi wa waliotukanwa walikuwa hawajazaliwa. Sisi wa Kenya nasi hatuna la kuwacheka jirani. Baada ya uchaguzi wa Disemba 2007 tume ya Jaji Kriegler ilitamka kwamba haiwezekani kuthibitisha ni nani aliyeshinda, na wakati huo maiti walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Wahenga walisema wengi wape. Mwaka 1963 wengi hawakupewa, na miezi sita baadaye waliona, au wakaambiwa, kwamba hawakuwa na njia nyingine. Methali hiyo inaeleza vizuri kilichotokea Julai 1963, lakini haitusaidii kwa Januari 1961, ambapo hapakuwa na wengi wala wachache. Kwa siku ile tunahitaji msanii. Tunapozisomesha riwaya za Visiwani, tuendelee kuzisifu kwa yale zilizoyaona, na tuwaambie wanafunzi waziwazi kwamba yuko mtu hazikumwona: mkulima wa Pemba aliyesimama kwenye foleni asubuhi ile, akatia karatasi yake sandukuni, akarudi kwenye mikarafuu yake bila kujua kwamba huenda ni yeye aliyekuwa ile kura moja.